Haki ya Aliyeumizwa na Gari Lisilo na Bima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya baina ya swala ya Magharibi na Isha)



Mada tuliyopewa jioni hii si ya kawaida kusemwa msikitini. Huenda wapo wanaojiuliza mambo ya bima za magari na mashauri ya mahakamani yanaihusu vipi dini. Katika Sura An-Nisaa, Kurani Tukufu inazungumzia habari ya mtu aliyemwua mwenziwe kwa kukosea, pasipo kukusudia. Haikutosheka na kusema kwamba lililotokea ni bahati mbaya. Iliagiza jamaa za marehemu wapewe diya, isipokuwa kama wao wenyewe watasamehe na kuifanya kuwa sadaka. Tuyaangalie vema maneno hayo. Kwanza, kutokukusudia hakuifuti haki ya aliyepatwa na madhara. Pili, msamaha umewekwa mikononi mwa waliofikwa na msiba, haukuwekwa mikononi mwa dereva, wala mwenye gari, wala wazee wa mtaa, wala imamu.

Tumeanza na hilo kwa sababu tunaona namna mambo yanavyokwenda mitaani. Gari au pikipiki ikimgonga mtu, kisha ikadhihirika kwamba haina bima, neno la kwanza linalosikika ni "tuyamalize wenyewe". Mwenye gari huja na wazee wawili watatu, huweka noti kadhaa kando ya kitanda, na mgonjwa, ambaye hata picha ya eksirei hajapigwa, huambiwa kwamba ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu na kwamba Muislamu mwema hasumbui watu kwa madai. Kudra twaiamini sote. Lakini deni nalo, hata likija kwa kudra, hulipwa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kama marehemu ameacha deni, kabla ya kumswalia. Nasi hadi leo makaburini husimama msemaji wa familia akatangaza kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Basi kwa nini mguu uliovunjwa uhesabiwe kuwa si deni?

Sheria inasemaje

Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya tangu zama za ukoloni, inakataza mtu kutumia gari barabarani bila ya kuwa na bima inayofunika madhara yatakayowapata watu wengine. Ndiyo hiyo watu waiitayo bima ndogo. Sheria haikuishia kwa anayeshika usukani. Imemkataza pia mtu kusababisha au kuruhusu mwingine atumie gari lake bila ya bima. Neno hilo la "kuruhusu" tulishike, maana tutalirejea.

Gari likiwa na bima, aliyeumizwa akamshtaki mwenye gari na akapata hukumu, kampuni ya bima ndiyo inayowajibika kuilipa hukumu hiyo katika mipaka ya sheria. Kwa hiyo bima ndogo, kwa hakika yake, ni ya yule mtembea kwa miguu asiyejulikana, ambaye huenda siku moja akakutwa na gari hilo. Mwenye gari anayeacha kuilipia anadhani amejiokolea pesa zake, kumbe ameuondoa ulinzi wa watu ambao hakuwauliza. Na ni pesa gani hizo? Kwa miaka mingi ada ya bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 100,000, na kodi ya ongezeko la thamani ikijumlishwa inakuwa 118,000 kwa mwaka mzima. Wapo wanaotumia zaidi ya hizo kupamba viti vya gari.

Bima isipokuwepo, aliyeumizwa hubaki akimfuata dereva na mwenye gari yeye mwenyewe. Katika Uingereza tangu mwaka 1946 kuna chombo kiitwacho Motor Insurers' Bureau, kinachogharimiwa na makampuni yote ya bima za magari, ambacho humlipa mtu aliyeumizwa na dereva asiye na bima au aliyekimbia asijulikane. Maana yake ni kwamba madereva waaminifu wa nchi nzima hubeba kosa la wachache. Ndugu zetu wanaoishi huko wanalijua jambo hilo. Huku kwetu njia ni ndefu zaidi, lakini ipo, na wengi huikosa kwa sababu ya yale wanayoyafanya, au wasiyoyafanya, katika siku tatu za mwanzo.

Siku tatu za mwanzo

Usikubali kuambiwa tu kwamba gari halina bima, wala usikubali kuambiwa tu kwamba linayo. Andika namba ya gari, au uipige picha. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) ina mfumo wa intaneti ambao kwa kuingiza namba ya gari au ya stika mtu yeyote anaweza kuona kama bima ipo na kama imekwisha muda wake. Stika bandia zimewahi kuwadanganya wengi, na mara nyingine mwenye gari mwenyewe ametapeliwa na wakala asijue. Basi tazama tarehe: bima iliyokwisha jana haimfai aliyegongwa leo, na iliyokatwa jioni baada ya ajali ya asubuhi haimfai pia.

Pili, ajali iripotiwe polisi siku hiyohiyo, hata kama dereva ni jirani, hata kama ni shemeji. Huko ndiko inakopatikana fomu ya PF.3 ambayo daktari huijaza akieleza majeraha. Huko ndiko askari wa usalama barabarani wanakochora ramani ya ajali na kulikagua gari, breki zake na taa zake. Karatasi hizi ndizo zitakazosema mahakamani wakati matairi yameshafutika lami na kila mtu ana hadithi yake. Asiyeripoti huwa ametupa silaha yake kabla ya kuitumia, na tumeona kwamba wanaosisitiza sana ajali isiripotiwe huwa si wale waliolala hospitalini.

Tatu, mashahidi. Chukueni majina na namba za simu za walioona. Hapa tunasema na nyinyi mlio wazima. Kurani Tukufu, katika sura ileile ya An-Nisaa, inatuamrisha kusimamisha uadilifu na kuwa mashahidi hata kama ushahidi huo utakuwa juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Mtu ameona kwa macho yake pikipiki ikipita upande usio wake na kumgonga mtoto wa shule, lakini akiitwa na mpelelezi husema hakuona vizuri, kwa kuwa mwenye pikipiki ni mtu wa mtaa wake. Mtu huyo asidhani kuwa amekaa pembeni. Amekwisha kuchagua upande.

Nne, tunzeni risiti. Mahakama zetu hutofautisha hasara maalumu na fidia ya jumla. Hasara maalumu ni zile gharama zinazohesabika: dawa, upasuaji, nauli za kwenda kliniki, magongo, siku ambazo fundi hakuweza kushika randa. Hizo lazima zitajwe moja moja katika madai na zithibitishwe kikamilifu. Asiye na karatasi hukosa, hata hakimu akimwonea huruma. Fidia ya jumla, kwa maumivu na ulemavu, iko katika busara ya mahakama. Basi pale duka la dawa linapotaka kukupa dawa bila risiti, idai. Mfuko mmoja wa plastiki ukiwekwa karatasi zote tangu siku ya kwanza unaweza kuwa na thamani kuliko maneno ya wazee kumi.

Nani adaiwe

Watu wengi humtazama dereva peke yake, nao wakiona ni kijana asiye na kitu hukata tamaa. Lakini kama dereva alikuwa katika kazi aliyotumwa, basi aliyemtuma naye hubeba dhima. Kijana anayeendesha gari la mizigo la tajiri, au daladala la mtu mwingine, haendeshi kwa ajili yake tu. Rejesta ya magari hutunzwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na huko ndiko mmiliki aliyeandikishwa hujulikana. Tatizo ni kwamba watu wetu huuziana magari na kukabidhiana kadi bila kubadilisha jina. Ndugu uliyeuza gari lako miaka mitano iliyopita na kadi bado ina jina lako, usishangae siku moja kuitwa kujibu ajali usiyoijua.

Na aliyemwazima tu rafiki gari lisilo na bima? Katika miaka ya 1930 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua shauri linalojulikana kama Monk dhidi ya Warbey. Mwenye gari alimwazima mwenziwe, gari likaishia mikononi mwa dereva ambaye hakuwa na bima, mtu akaumia. Mahakama ilisema kwamba mwenye gari, kwa kuruhusu gari litumike bila ya bima iliyotakiwa na sheria, anaweza kudaiwa fidia yeye mwenyewe. Sheria yetu ya Sura ya 169 inatumia maneno ya namna hiyohiyo ya kusababisha na kuruhusu, na wakili mzuri atajua namna ya kuyatumia.

Gari likiwa la Serikali, utaratibu ni mwingine: lazima itolewe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Na kama aliyeumia alikuwa kazini, tuseme dereva aliyetumwa na mwajiri wake au mlinzi aliyegongwa akiwa lindoni, basi auulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo hautazami kama aliyekugonga alikuwa na bima au hakuwa nayo. Taarifa ipelekwe mapema kupitia kwa mwajiri.

Kwa upande wa gari lako lililobomolewa, mwenye bima kubwa hutengenezewa na kampuni yake, nayo kampuni ikamfuata aliyekosa. Mwenye bima ndogo hatapata kitu kwa kampuni yake kwa gari lake mwenyewe. Itambidi amdai aliyemgonga.

Kesi ya trafiki si fidia

Hapa pana kutokuelewa kukubwa. Dereva hufikishwa mahakamani kwa makosa ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, hukiri kosa, hulipa faini na kurudi nyumbani. Aliyevunjika mguu hungoja fidia yake. Faini huingia Serikalini! Mahakama ya jinai inayo mamlaka ya kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumizwa, na yafaa mwendesha mashtaka aombwe aliombe hilo mapema, lakini mtu asiliwekee matumaini yake yote. Njia ya uhakika ni shauri la madai, ambalo ni jambo jingine na hufunguliwa na mwenye haki mwenyewe katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Hata hivyo kesi ya trafiki isipuuzwe. Sheria ya Ushahidi ya nchi yetu inasema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufani ukishapita, huchukuliwa kuwa ushahidi kamili wa hatia ya mtu yule. Basi fuatilieni namba ya kesi, hudhurieni, na mwisho ombeni nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Yule shahidi aliyeona haya kwenda katika kesi ya trafiki huenda amemharibia mwenziwe na kesi ya madai.

Muda wa kufungua shauri la madai la namna hii ni miaka mitatu. Yaonekana ni mingi. Mwaka wa kwanza huishia katika matibabu, wa pili katika ahadi za "mwezi ujao nitakuja", na wa tatu mtu husikia kwamba muda umebaki wiki mbili. Aanze na barua ya madai, akitaja kiasi na siku za kujibu, abaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa: ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, husaidia watu bila malipo. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, hivyo kisingizio cha kutokuelewa kimepungua.

Mwenye gari akionekana anataka kuliuza ili akose cha kukamatwa, mahakama inaweza kuombwa izuie mali kabla ya hukumu. Na ikiwa ajali imeleta kifo, familia isichelewe kumteua msimamizi wa mirathi na kumthibitisha mahakamani, maana madai ya marehemu hayawezi kusimamiwa na mtu ambaye mahakama haimtambui. Familia nyingine hukaa zikigombania nyumba, na haki ya watoto mayatima dhidi ya mwenye gari ikapotea katikati ya ugomvi huo.

Kusuluhishana

Hatusemi kwamba kila jambo liende mahakamani. Suluhu ni kheri, na mahakama zenyewe huipenda. Tunachokataa ni suluhu ya kumnyamazisha mnyonge. Tuchukue mfano. Fundi seremala amegongwa na gari la mizigo lisilo na bima. Siku ya pili anapewa shilingi 150,000 na kuwekewa kidole gumba katika karatasi inayosema kwamba amelipwa na hana madai tena. Siku ya kumi daktari anasema mfupa umekaa vibaya, upasuaji ni shilingi 1,800,000, na hatashika kazi kwa miezi sita. Ile karatasi sasa ndiyo ngao ya mwenye gari. Je, fundi yule alisamehe? Hakusamehe, kwa kuwa hakujua alikuwa na nini cha kusamehe.

Basi suluhu ingoje maneno ya daktari. Iandikwe, kwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura Al-Baqara, ni aya ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Karatasi itaje kilicholipwa ni cha nini, kilichobaki ni kiasi gani, kitalipwa tarehe zipi, na iseme wazi kwamba gharama za matibabu zitakazotokea baadaye hazimo. Awepo mdhamini. Na kama dereva ni maskini kweli, sura hiyohiyo inatuagiza kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Hilo ni la mwenye haki kulichagua akiwa na akili zake timamu, anajua kiasi anachokiacha, na hakuna aliyesimama juu ya kichwa chake akimhimiza.

Wapo pia wanaosema, "tutachanga msikitini". Mchango ni wema mkubwa, na uendelee. Lakini ni jambo la ajabu waumini wachange pesa za sukari na mafuta ya taa kumtibu aliyeumizwa, na huku gari lililomgonga linaendelea kubeba mizigo na kumwingizia mwenyewe faida kila siku.

Wanaosema bima ni haramu

Tumalizie na hoja ambayo haina budi kusemwa, kwa kuwa inatoka katika safu zetu wenyewe. Baadhi ya waumini huacha kukata bima kwa kusema kuwa bima ni haramu. Hatutakanusha kwamba wanavyuoni wamehitilafiana. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika mwaka 1985, lilitoa uamuzi wa kukataza bima ya biashara yenye ada maalumu, na likapendekeza bima ya ushirikiano badala yake. Anayeshika kauli hiyo tunamheshimu. Lakini kauli hiyo haikumpa mtu ruhusa ya kuingia barabarani na tani tatu za chuma pasipo na cha kumlipia atakayemgonga. Wale wanavyuoni walifunga mlango mmoja na kuonyesha mwingine. Yeye amekataa yote miwili.

Tena fikra yenyewe si ngeni kwetu. Katika fiqhi, diya ya aliyeuawa kwa kukosea haikuachwa ibebwe na mkosaji peke yake. Ilibebwa na aqila, yaani jamaa zake, kila mmoja akitoa sehemu, ili familia ya marehemu isikose haki kwa kuwa mkosaji ni fukara. Mkataba wa Madina nao uliyathibitisha makabila katika kuchangia diya zao. Leo dereva wa Mbagala hana ukoo uliokaa naye wa kumchangia. Asiyetaka kampuni ya biashara aulize kuhusu takaful, ambayo sasa inapatikana nchini. Na asiyetaka hii wala ile, gari alipe pumziko, apande daladala.

Waliokuja na karatasi zao za polisi na vyeti vya hospitali wasiondoke baada ya Isha. Ndugu yetu aliye wakili amekubali kukaa nasi ukumbini kuzipitia moja baada ya moja, na ameomba aanze na wale ambao ajali zao zimekaribia miaka mitatu.